Injini ya Nissan ndani ya Hilux: mwongozo wa kupandikiza injini kwenye pikapu ya porini

Mtu akisikia injini ya Nissan imeingia kwenye Hilux hucheka kwanza, halafu huuliza: "Inakaa kweli?" Inakaa. Ukiwa na grainda na mchomeleaji mzuri, karibu injini yoyote itakaa kwenye karibu gari lolote. Kazi iko pale kiwanda kimoja kinapokutana na kingine: flaiwili (gurudumu zito nyuma ya injini) ikikutana na giaboksi, sampu (bakuli la oili chini ya injini) ikikutana na difu ya mbele, nyaya za injini zikikutana na nyaya za dashibodi. Ukivipima viungo hivyo kabla ya kununua kitu, umejiokolea miezi. Usipovipima, pikapu italala juu ya mawe mpaka kuku watage chini ya boneti.

Wala si jambo la kuonea haya. Miaka ya 1980 jeshi la Australia lilipopewa Land Rover zilizoitwa Perentie, chini ya boneti hapakuwa na injini ya Land Rover. Palikuwa na dizeli ya Isuzu 4BD1 ya lita 3.9, injini ya lori dogo.

Mfano nitakaoshika hapa ni Hilux ya zamani yenye 22R, petroli ya cc 2,366, inayopokea TD27 yenye turbo kutoka Nissan, dizeli ya cc 2,663. TD27 ni injini ya chuma isiyo na mambo mengi. Kamshafti yake inazungushwa kwa gia, si belti, na matoleo ya zamani yana pampu ya dizeli isiyohitaji kompyuta. Ikiwa jozi yako ni nyingine, badilisha majina. Viungo ni vile vile.

Kwanza jiulize kama unaihitaji

Nitasema jambo litakalowaudhi baadhi. Kama unachotaka ni dizeli tu ndani ya Hilux, chukua dizeli ya Toyota yenyewe, 3L au 5L. Hilux nyingi zilitoka kiwandani na injini hizo, kwa hiyo mauntingi (vishikio vya injini), giaboksi na sampu vinavyoendana na chesi vipo tayari. Utamaliza kazi wakati mwenzako wa TD27 bado anachora vipimo kwenye kadibodi.

Sababu za kweli za kuchukua injini ya mpinzani ni mbili. Ya kwanza, injini hiyo unayo tayari, nzima, unaijua historia yake, au unalo gari zima lililooza bodi lakini moyo ungali unadunda. Ya pili, unataka kitu ambacho kiwanda cha gari lako hakikukitengeneza kwa ukubwa huo, kama wale wanaoweka V8 za General Motors kwenye pikapu za Kijapani. Sababu ya tatu, ya kutaka watu washangae ukifungua boneti, siihesabu, ingawa naijua vizuri.

Kabla ya kukata chochote, uliza mamlaka ya usajili wa magari ya nchi yako na kampuni yako ya bima. Namba ya injini kwa kawaida imo kwenye kadi ya gari, na kubadilisha aina ya mafuta kutoka petroli kwenda dizeli ni badiliko la pili juu ya hilo. Baadhi ya nchi hudai ukaguzi wa mhandisi. Tunza hati ya mauzo ya injini inayoonyesha namba yake.

Pima mpaka uchoke

Hapa ndipo kazi inaposhinda au kushindwa, na kwa kuwa haina cheche wala kelele, watu huiruka.

Chukua vipimo vya injini mpya ikiwa chini: urefu kutoka ncha ya feni mpaka uso wa nyuma inapoungana na giaboksi, urefu kutoka chini ya sampu mpaka juu ya mfuniko wa valvu, na upana pamoja na turbo na alteneta. Kisha pima nafasi kwenye pikapu: kutoka rejeta mpaka ukuta wa kebini, kati ya reli mbili za chesi, kutoka difu ya mbele mpaka boneti. Halafu tengeneza injini ya kadibodi au mbao nyepesi yenye umbo hilo na uiweke ndani. Watakucheka tena. Wacheke. Kadibodi unaweza kuisogeza kwa mkono mmoja, chuma kitakuhitaji winchi.

Vitu vinne huleta ugomvi kuliko vyote.

Sampu. Injini nyingine zina bakuli la oili mbele, nyingine nyuma. Kwenye Hilux yenye ekseli kamili mbele, ekseli nzima hupanda juu gari likipita kwenye shimo, na bakuli lililo mbele litagongwa. Kosa la kawaida ni kupima gari likiwa limesimama kwenye sakafu. Toa springi au zifungue kiasi, kisha nyanyua ekseli kwa jeki mpaka iguse raba za kugota. Pima hapo. Fanya tena kwa kunyanyua upande mmoja peke yake, kwa sababu porini ekseli hupinda zaidi ya kupanda sawasawa. Mimi huacha sentimita mbili na nusu kati ya sampu na kitu chochote kinachotembea. Ikibidi kukata sampu na kuihamisha bakuli, kumbuka kwamba bomba la kunyonya oili nalo lazima lihame, na kwamba mwinamo wa gari lako utaifanya oili ikimbilie nyuma au mbele. Bomba likinyonya hewa sekunde chache tu, beringi za krenki zimekwenda.

Usukani. Angalia ekzosi na turbo viko upande gani, kisha angalia shafti ya usukani inapita wapi. Vikiwa upande mmoja, utahitaji manifoldi nyingine, au shafti ya usukani yenye viungo viwili, au kubadilisha wazo. Joto la turbo karibu na kiungo cha usukani au bomba la breki halivumiliki.

Oili filta. Huonekana kitu kidogo mpaka siku ya sevisi unapogundua kwamba haitoki bila kunyanyua injini. Vipo vishikio vya kuihamishia filta pembeni kwa hosi; tumia hosi za kufaa kwa oili moto yenye presha.

Uzito. Dizeli ya chuma ni nzito kuliko petroli unayoitoa. Mpelekee fundi wa springi mzigo wa kweli, yaani injini kwenye mizani na giaboksi yake, asikisie. Na usiisogeze injini mbele sana ili tu ipate nafasi nyuma: kila sentimita mbele ya ekseli hufanya usukani kuwa mzito na pua ya gari kuzama kwenye matope.

Nunua injini pamoja na nguo zake

Usinunue injini uchi. Ukiweza, nunua gari zima lililogongwa nyuma. Usipoweza, dai vitu hivi kwenye mzigo mmoja: staata, alteneta, pampu ya dizeli, mauntingi na mabano yake, flaiwili, klachi, sensa zote, waya zote zisizokatwa, bomba za maji, na kama injini ni ya kompyuta, kompyuta yenyewe na pedali ya mafuta na ufunguo wake. Kwenye injini za kisasa zenye kizuia wizi, kompyuta, ufunguo na kisanduku cha kizuia wizi ni ndugu watatu wasiotengana. Kumkosa mmoja ni kununua chuma chakavu cha bei ghali.

Nilijifunza kwa njia ngumu. TD27 yangu ya kwanza niliinunua usiku, kwa tochi, kwa mtu niliyemwamini. Asubuhi nikaona pampu yake ina plagi kubwa ya nyaya. Ilikuwa moja ya matoleo ya baadaye ambayo pampu yake inaongozwa na kompyuta, na kompyuta haikuwepo. Ikanibidi nitafute pampu ya kimekanika, mabano yake, na bomba za nozeli, kimoja kimoja. Angalia pampu mchana.

Angalia pia volti. Dizeli nyingi zilizotoka kwenye malori, na baadhi ya magari ya porini, ni za volti 24. Pikapu yako ni ya 12. Staata, alteneta, hita plagi (zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha) na soleno ya kuzima mafuta kwenye pampu vyote vinasomwa lebo kabla ya kulipa.

Ikiwezekana, isikie ikiwaka ikiwa baridi. Fungua kifuniko cha oili ikiunguruma: moshi unaosukuma kama birika ni ringi zilizochoka. Ndani ya rejeta, mapovu yasiyokoma ni gesketi ya hedi au ufa. Na badilisha sili za krenki, gesketi ya sampu, hosi zote na pampu ya maji injini ikiwa bado chini. Kuvibadilisha baadaye ni mateso ya kujitakia.

Giaboksi: uamuzi mkubwa kuliko injini

Njia ni mbili. Unaweza kuleta injini pamoja na giaboksi na transfa yake (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma), yote ya Nissan. Hapo klachi, flaiwili na staata havikuulizi swali. Lakini transfa lazima itoe propela ya mbele upande ule ule ilipo difu yako ya mbele. Ikiwa iko upande wa pili, njia hiyo imefungwa, au ubadilishe ekseli. Pia kijiti cha gia kitatoka mahali pengine kwenye sakafu, mauntingi ya nyuma itahama, propela zote mbili zitakatwa au kurefushwa, na spidomita itahitaji kuunganishwa upya.

Au unabakisha giaboksi na transfa ya Toyota na kuiunganisha na injini ya Nissan kwa pleti ya kati, ile pleti nene ya chuma au aluminiamu yenye matundu ya viwanda viwili. Mimi napendelea hii, kwa sababu nyuma ya pleti kila kitu kinabaki kama kilivyotoka kiwandani. Sharti ni giaboksi iwe na nguvu. Giaboksi iliyokuwa ikifuata petroli ndogo haikutengenezwa kwa msukumo wa dizeli yenye turbo inayovuta jiwe kwa gia ya kwanza. R151 ya Toyota, iliyofuata injini zenye turbo, ni chaguo la busara kuliko lile boksi dogo la 22R.

Pleti ina mambo matano, na hakuna hata moja la kupuuza.

Katikati lazima pawe katikati. Boliti hazielekezi giaboksi. Pini ndizo zinazoielekeza. Matundu ya boliti huwa na nafasi, na nafasi hiyo ndogo inatosha kuua beringi. Funga geji ya saa (kipimo chenye uso wa saa) kwenye flaiwili, sindano iguse duara la ndani la kengele ya giaboksi, yaani ganda lake la mbele linalofunika klachi, kisha zungusha krenki kwa mkono. Kipimo kinachokubalika na mafundi wengi ni mchepuko usiozidi milimita 0.13 kwa mzunguko mzima. Ukizidi, pini zihamishwe. Gari linaweza kutembea na mchepuko mkubwa zaidi, naam, na utasikia mlio mdogo klachi ikikanyagwa, na baada ya miezi utatoa giaboksi tena.

Beringi ya pailoti. Ncha ya shafti ya giaboksi lazima ishikwe na beringi ndogo katikati ya krenki. Pleti imeisogeza giaboksi nyuma kwa unene wake, kwa hiyo ncha huenda isifike. Chonga bushi ya kuiziba nafasi hiyo, yenye kipenyo cha nje cha Nissan na cha ndani cha Toyota.

Klachi. Hii ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: flaiwili na presha pleti hufuata injini, klachi pleti huchukua kipenyo cha presha pleti na meno ya shafti ya giaboksi. Mtengenezaji wa klachi anaweza kuunganisha kitovu cha Toyota kwenye duara la Nissan. Rilizi beringi ipimwe: klachi ikiwa imeachiwa isikandamize, ikikanyagwa iachie kabisa.

Staata. Amua kama staata inakaa upande wa injini au wa giaboksi, kisha hakikisha meno yake yanaingia kwenye meno ya flaiwili kwa kina cha kutosha. Pleti nene huisogeza staata mbali.

Usawa wa flaiwili. Injini nyingine zina uzito wa kusawazisha ndani ya flaiwili yenyewe. V8 ya Ford ya lita 5.0 ni mfano maarufu, na uzito huo hata ulibadilishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo flaiwili ya mwaka mmoja haifai mwaka mwingine. Usibadilishe flaiwili ya injini yako kabla ya kujua.

Kutoa ya zamani na kuishikiza mpya

Kutoa injini hakuhitaji maelezo marefu. Ondoa boneti, toa betri, mwaga maji na oili, piga picha za kila plagi kabla ya kuichomoa, na andika majina kwenye vipande vya tepu. Kata kitu chochote baadaye, si leo. Osha chesi na uikague nyufa na kutu, maana hutaiona tena kwa ukaribu huu.

Ingiza injini ikiwa imeungana na giaboksi. Giaboksi ikiwa mahali pake pa zamani, injini itajipanga yenyewe, nawe utahangaika na mauntingi mbili za mbele tu. Iinamishe upande wa nyuma kidogo, nyuzi tatu hivi, kama ilivyokuwa ya zamani. Acha angalau sentimita tatu kati ya injini na ukuta wa kebini, kwa kuwa injini hujipinda ikivuta.

Mabano ya mauntingi yatengeneze kwa pleti ya milimita tano au zaidi, yenye mbavu za pembeni. Usichomelee bano moja kwa moja kwenye chesi bila pleti ya kusambaza mzigo; chesi ya pikapu hupinda kwa makusudi, na mahali penye mchomeleo mfupi ndipo inapopasuka. Shikiza kwa nukta kwanza. Shusha injini ikae kwa uzito wake, funga boneti, zungusha usukani pande zote, kagua sampu na ekseli ikiwa juu, kisha ndipo umwambie mchomeleaji amalize. Betri na alteneta ziwe zimetolewa nyaya wakati wa kuchomelea. Raba tumia za dizeli. Mauntingi ya chuma kwa chuma itakung'oa meno.

Propela na hesabu ya difu

Petroli ya 22R hutoa nguvu yake ya juu kwenye mizunguko 4,800 kwa dakika. Dizeli hupenda kwenda taratibu. TD27 yenye turbo imemaliza kazi karibu na 4,000. Kwa hiyo difu iliyokuwa nzuri jana inaweza kuifanya injini mpya ilie barabarani.

Hesabu ni hii. Tairi ya 265/75R16 ina kipenyo cha milimita 804 hivi, na mzunguko wake ni mita 2.52. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, tairi huzunguka mara 660 kwa dakika. Zidisha kwa gia ya tano, tuseme 0.85, kisha kwa uwiano wa difu. Difu ya 4.10 inakupa mizunguko 2,300. Ya 4.56 inakupa 2,560. Ya 4.88 inakupa karibu 2,740. Kwa dizeli ya namna hii ningechukua 4.10 kwa gari la safari na mizigo, na 4.56 kwa gari linaloshinda kwenye miamba au lenye tairi kubwa zaidi. Mbele na nyuma ziwe sawa, vinginevyo utavunja transfa siku ya kwanza ya kuunganisha magurudumu yote kwenye ardhi kavu.

Upande wa polepole nao upime. Gia ya kwanza ya 3.9, transfa ya Toyota ya gia yenye uwiano wa 2.28 na difu ya 4.10 vikizidishwa vinatoa 36 kwa 1. Kwa dizeli inayovuta tangu chini, hiyo inatosha kushuka mlima bila kugusa breki.

Propela ikibadilika urefu, ipelekwe kwa mtu mwenye mashine ya kusawazisha. Pembe ya giaboksi na pembe ya difu ziwe sawa kwa tofauti isiyozidi nyuzi moja, ama sivyo gari litatetemeka kwenye mwendo fulani nawe utalaumu tairi.

Maji, hewa, mafuta

Rejeta iwe ya dizeli, au kubwa kuliko hiyo. Hedi ya dizeli iliyochemka hupasuka, na porini unapanda mlima kwa gia ya kwanza bila upepo wa kusaidia. Feni lazima iwe na kikombe kinachoizunguka, nusu ya ubapa wake ndani na nusu nje. Mahali pa juu kabisa pa mfumo wa maji pawe kwenye kifuniko cha rejeta au tangi la ziada. Ikiwa kichwa cha injini kiko juu kuliko rejeta, hewa itajificha humo. Anayeweka V8 za LS za General Motors asizibe vile vibomba vidogo vya mvuke juu ya hedi. Viende kwenye rejeta au tangi.

Bomba la oili linalorudi kutoka kwenye turbo literemke moja kwa moja mpaka sampu. Likipanda mahali, au likiwa na kibonde, turbo itavuja oili na utaidhania imekufa. Ekzosi iwe na kipande laini cha kunyumbulika, kwa kuwa injini hucheza na chesi haichezi nayo.

Tangi la petroli lioshwe, lisiachwe hata kikombe. Dizeli inahitaji bomba mbili, la kwenda na la kurudi, na filta yenye kitenga maji chini yake. Kwa injini ya petroli ya sindano (isiyo na kabureta), badala yake, jambo kubwa ni presha: LS nyingi hutaka bar 4 hivi, na hosi ya kawaida ya kabureta itapasuka.

Breki, kabla hujasahau

Hiki watu wengi hukikosa, na kinaua. Busta ya breki ya gari la petroli hupata ufyonzaji wake kutoka kwenye manifoldi. Dizeli haina ufyonzaji huo. Ndiyo maana dizeli nyingi za Kijapani zina pampu ya vakyumu, mara nyingi nyuma ya alteneta. Ukibadilisha alteneta kwa nyingine isiyo na pampu, pedali itakuwa jiwe. Unganisha hosi nene isiyojikunja, weka valvu ya kuzuia kurudi, na jaribu: zima injini, kanyaga mara tatu, kisha shikilia pedali na uwashe. Pedali lazima ishuke kidogo. Isiposhuka, gari halitoki uani.

Nyaya

Uzuri wa dizeli ya kimekanika ni kwamba inahitaji nyaya chache tu: soleno ya kuzima mafuta, hita plagi na taimeri yake, staata, alteneta, taa ya oili, na kipimo cha joto. Mita ya mizunguko ya petroli itakosa ishara. Alteneta yenye tundu la W inaweza kutoa ishara hiyo kwa mita inayokubali kurekebishwa. Hita plagi hula umeme mwingi, basi zipewe rilei yao, fyuzi yao na waya mnene.

Kwa injini ya kompyuta, usianze kukata kabla ya kupata mchoro wa umeme wa injini hiyo na mwaka wake hasa. Tenganisha kwenye meza waya zote zinazotoka kwenye kompyuta kwa mafungu: zinazokwenda kwenye injini yenyewe (usiziguse), za umeme wa kudumu, za umeme wa swichi, za ardhi, na zile zinazotegemea gari, kama mwendo, pedali, klachi na taa ya injini. Fungu la mwisho ndilo la kuunganisha na pikapu, na mara nyingi halizidi kumi na tano. Kompyuta iliyotoka kwenye gari la otomatiki itatafuta giaboksi yake na kulalamika. Tafuta ya gari la manyuo, yaani la gia za mkono, tangu mwanzo.

Ardhi tatu: betri kwenda injini, injini kwenda chesi, chesi kwenda bodi. Nusu ya "mapepo" ya umeme niliyowahi kufukuza yalikuwa waya wa ardhi uliofungwa juu ya rangi. Kompyuta ikae ndani ya kebini, juu ya usawa wa kiti, kwa sababu utavuka mto siku moja.

Siku ya kuwasha

Tengeneza kwanza kipande cha ubao kinachoweza kuziba mdomo wa hewa wa injini. Dizeli ikinyonya oili yake kupitia turbo mbovu inaweza kukimbia bila kusimama, na ufunguo hautaizima. Ubao ndio utakaoizima. Usitumie mkono.

Chomoa waya wa soleno ya mafuta, piga staata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izimike. Kisha rudisha waya, toa hewa kwenye filta na pampu, legeza bomba za nozeli, piga staata mpaka dizeli itoke bila povu, kaza. Washa hita, kisha injini. Taa ya oili isipozimika ndani ya sekunde chache, zima. Ikiunguruma, acha hita ya kebini wazi ili maji yazunguke kote, ongeza maji kadri hewa inavyotoka, na mtu mwingine amulike chini akitafuta matone.

Safari ya kwanza iwe ya kuzunguka karibu, na spana kwenye kiti cha pembeni. Rudi, ipoe, kaza upya boliti za mauntingi, propela na ekzosi. Fanya hivyo tena baada ya kilomita 500, ubadilishe oili na filta siku hiyo hiyo.

Halafu ndipo upeleke porini, lakini si kabla ya kurefusha mirija ya kupumulia ya difu, giaboksi na transfa mpaka juu ya boneti, kuweka pleti ya kukinga ile sampu uliyoihangaikia, na kuangalia alteneta iko wapi. Kwenye injini nyingi iko chini pembeni, na matope hupenda kuingia humo kuliko mahali popote. Mimi yangu niliitengenezea kibandiko cha raba ya tairi kuukuu, na baada ya mvuko wa kwanza nikaongeza kingine upande wa nyuma.